Moshi Uleule, Dari ya Chini: Kwa Nini Hewa ya Nairobi Huwa Mbaya Julai

Nguo nyeupe ukiianika nje Nairobi mwezi wa Januari hukauka kabla ya chakula cha mchana, na ukienda kuianua lazima uikung'ute kwanza kwa sababu vumbi jekundu limeshatua mabegani. Nguo hiyohiyo mwezi wa Julai hukaa kambani siku mbili. Haina vumbi la kukung'uta, ila ukiileta puani inanuka moshi. Nimeishi Eastlands miaka mingi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mwezi wa hewa chafu ni Januari, kwa kuwa uchafu wake unauona: unaingia machoni, unatanda juu ya meza, unabadilisha rangi ya viatu. Julai niliihesabu kuwa mwezi wa baridi tu, wa mawingu, makoti na watoto wenye mafua.

Vipimo vinaonyesha kalenda nyingine. Kwa chembe zile ndogo zinazodhuru mapafu na moyo, miezi inayosumbua zaidi Nairobi kwa kawaida ni ile ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti na wakati mwingine kuingia Septemba. Mvua za vuli zikianza, hewa hupata nafuu. Aprili, katikati ya masika, nayo mara nyingi huwa miongoni mwa miezi myepesi. Jambo hili limenishughulisha kwa sababu linagusa mwezi ambao wengi wetu hatuna habari kwamba kuna tatizo. Tunafunga madirisha kwa ajili ya baridi, tunawasha jiko ndani, tunalaumu hali ya hewa kwa kikohozi, na siku zinapita.

Tuanze na kutenganisha vumbi na moshi, maana hapo ndipo macho yanapotudanganya. Wataalamu hugawanya chembe zinazoelea hewani kwa ukubwa. Zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10 huitwa PM10, na zile zisizozidi mikromita 2.5 huitwa PM2.5. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo ungehitaji kupanga zaidi ya chembe 20 za PM2.5 kwa mstari ili uvuke unywele mmoja. Vumbi la barabara, mchanga wa mijengo na majivu mazito kwa sehemu kubwa ni chembe nene. Pua na koo huzikamata nyingi, ndiyo maana Januari tunapenga kamasi nyeusi na kupiga chafya. Masizi ya dizeli, moshi wa makaa, wa kuni na wa takataka ni chembe laini. Hizi hupita pua na koo, hufika kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwishoni mwa mapafu, na zile ndogo kabisa huvuka kuingia kwenye damu. Ndiyo maana orodha ya madhara yake haina pumu na nimonia peke yake, ina kiharusi na maradhi ya moyo pia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikaza kamba mwaka 2021. Kiwango lilichoshauri kwa wastani wa mwaka kilishuka kutoka mikrogramu 10 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa hadi 5, na kwa wastani wa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Tutazihitaji namba hizo mbele.

Mgawanyo huu wa nene na laini una mwanya wake. Vumbi nalo lina sehemu iliyosagika sana, yenye ukubwa wa PM2.5, hivyo si haki kusema vumbi ni kero tu na moshi ndio sumu. Lakini ukitumia macho yako kupima hewa, unapima chembe nene. Zile laini huzioni moja moja. Unaziona tu zikiwa nyingi mno, kama ukungu wa kahawia unaolala juu ya mji ukiutazama kutoka Vilima vya Ngong asubuhi.

Sasa tuingie kwenye fumbo lenyewe. Kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Sweden walikusanya sampuli 780 za PM2.5 kwenye vichujio, katika sehemu mbili: moja mjini, isiyo kando ya barabara kubwa, na nyingine pembezoni mwa mji. Wastani wa mjini ulikuwa mikrogramu 21, wa pembezoni 13. Kisha wakachunguza madini na masizi yaliyonaswa, ili wajue kila chembe imetoka wapi. Magari na vumbi la ardhini kwa pamoja vilihusika na karibu asilimia 74 ya PM2.5. Viwanda, moto wa aina mbalimbali na mchanganyiko wa vitu vingine vikagawana iliyobaki.

Jambo lililonikamata katika matokeo hayo ni dogo kwa kulisoma lakini kubwa kwa maana yake. Vyanzo vyote vilipanda na kushuka kulingana na msimu, isipokuwa kimoja: magari. Moshi wa magari ulikuwa uleule mwaka mzima. Ukifikiri vizuri, ni jambo la kutarajiwa. Matatu ya Aprili na matatu ya Julai huchoma dizeli ileile, hupita njia ileile, hukaa foleni ileile. Watu huenda kazini Januari na huenda kazini Agosti. Kwa upande wa magari, kilicholeta tofauti katika hesabu za watafiti hao kilikuwa siku za juma, maana siku za kazi zilikuwa na uchafu mwingi kuliko wikendi.

Basi kama magari ya mji yanatoa moshi kiasi kilekile kila mwezi, kwa nini hewa ya Julai na ya Aprili zisifanane?

Jibu kubwa liko juu ya vichwa vyetu. Hewa tunayovuta ni ya tabaka la chini la anga, lile linalochanganyika kila siku kwa nguvu ya jua na upepo. Jua likipiga ardhi, ardhi hupata joto, hewa iliyo karibu nayo hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Nyingine hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo ndio unaobeba moshi kwenda juu na kuusambaza. Tabaka hilo lina mwisho wake, mahali ambapo hewa ya juu ina joto kuliko inayopanda, na hewa inayopanda ikifika hapo hukwama. Ni kama dari. Moshi hugonga dari, husambaa kwa pembeni, hurudi chini.

Dari hii haikai mahali pamoja. Tuseme siku moja iko mita 1,500 juu ya ardhi, na siku nyingine iko mita 500. Moshi ni uleule, eneo la mji ni lilelile, lakini siku ya pili unachanganywa katika theluthi moja ya hewa. Bila gari hata moja kuongezeka, uchafu unaovuta umezidi mara tatu. Hesabu halisi ina mambo mengi zaidi, upepo ukiwa wa kwanza, ila kiini chake ni hicho. Jiko lilelile likiwashwa ukumbini na likiwashwa chooni halikupi kikohozi kimoja.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hilo huifanya iishi tofauti na miji mingi ya tropiki. Mwezi wa Julai joto la mchana huishia nyuzi 21 au 22 hivi, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12. Pepo za kusi huleta hewa ya ubaridi kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo hupandishwa na miinuko, nayo hutengeneza yale mawingu ya kijivu tunayoyajua, mapana kama blanketi, yasiyonyesha mvua ya maana. Juu ya mawingu hayo kuna hewa kavu yenye vuguvugu inayoshuka taratibu kutoka juu. Hiyo ndiyo dari ya kipupwe. Jua, ambalo ndilo lingeipasua, limefichwa na mawingu yaliyo chini ya dari yenyewe. Ardhi haipati joto la kutosha, hewa haipandi, na siku nyingine hali hubaki hivyo asubuhi hadi jioni. Upepo wa asubuhi za Julai nao huwa mnyonge, hauna nguvu ya kuusukuma moshi nje ya mji.

Linganisha na Januari. Usiku wa Januari mara nyingi hauna mawingu, ardhi hupoteza joto haraka, na alfajiri hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Hiyo nayo ni dari, tena ya chini sana. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi unaweza kuuona moshi wa mtaa umelala juu ya mabati bila kupanda. Lakini jua la Januari ni kali. Kufika saa nne au saa tano asubuhi limeshaivunja dari hiyo, na pepo za kaskazi huchukua kazi iliyobaki. Vumbi hupeperuka kila upande, ndiyo, ila moshi unapata njia ya kuondoka. Januari ina dari kali ya saa chache, Julai ina dari ya kutwa.

Siku moja ya Nairobi ina kipupwe chake na kiangazi chake ukiitazama hivi. Chembe laini hupanda asubuhi watu wanapoelekea kazini dari ikiwa bado chini, hushuka mchana, kisha hupanda tena jioni jua linapotua, magari yanaporudi na majiko yanapowashwa kwa wakati mmoja. Mwenye pumu anayetaka kukimbia mazoezi angefanya vizuri kuliko wengi akienda alasiri badala ya alfajiri, jambo ambalo ni kinyume na tulivyofundishwa kuhusu hewa safi ya asubuhi.

Dari peke yake haimalizi habari ya Julai. Baridi hubadilisha tunavyoishi. Jiko la makaa ambalo Februari liko nje barazani huingizwa ndani. Mabawabu wa usiku huwasha moto wa mbao, na mara nyingine wa vipande vya tairi, mbele ya mageti. Wauza mahindi ya kuchoma hawakosi wateja. Takataka ambazo zingelowa mvua ya Aprili zimekauka, na zikiwekwa moto zinaendelea kufuka siku nzima. Jalala la Dandora, ambalo limepokea taka za mji tangu miaka ya 1970, hufuka moshi, na wanaokaa Dandora na Korogocho hawahitaji kipimo cha mtu kujua upepo umegeukia wapi. Niongeze hapa jambo lililo nje kidogo ya mada lakini siwezi kuliruka: jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa pia gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo. Jiko likae nje, au mlango ukae wazi, hata kama kuna baridi.

Kuna maelezo mengine ya Julai yanayosikika sana, kwamba moshi wetu hutoka mbali, kwenye mioto ya nyika. Maelezo haya yana ukweli, lakini ukweli huo ni wa mji mwingine. Moto wa savana Afrika hufuata ukame. Kuanzia Novemba hadi Februari huwaka kaskazini mwa ikweta, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kuanzia Juni hadi Oktoba huhamia kusini, Angola, kusini mwa Kongo, Zambia, Tanzania na Msumbiji. Rwanda iko katikati ya mikanda hiyo miwili. Kuna kituo cha kupima anga kwenye Mlima Mugogo nchini humo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutokana na vipimo vya huko ulionyesha kwamba masizi yanayofika pale hutawaliwa na mioto ya savana ya kanda nzima. Mtu wa Kigali akisema moshi wa Julai umetoka mbali, ana hoja.

Nairobi ni habari nyingine, na njia iliyotumika kulijua hilo ni ya kupendeza. Mimea hai ina kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni yenye unururifu ambayo hupungua polepole mmea ukishakufa. Mafuta ya petroli na dizeli yametokana na viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo kaboni-14 yake yote imekwisha. Ukichukua masizi kutoka kwenye kichujio ukapima kaboni-14 iliyobaki, masizi yenyewe yanakuambia yalikuwa kuni na makaa au yalikuwa dizeli. Watafiti walifanya hivyo kwa masizi ya Nairobi, na matokeo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2022: karibu asilimia 85 yalitokana na mafuta ya ardhini. Moshi wa kuni, makaa na nyika, wa karibu na wa mbali ukijumlishwa, uligawana asilimia 15 hivi ya masizi hayo.

Lazima tuwe waangalifu na namba hiyo. Ni ya masizi, ambayo ni sehemu moja ya PM2.5, na haisemi lolote kuhusu moshi ulio ndani ya nyumba ya mtu anayepikia makaa. Mama anayepuliza moto ndani ya chumba cha mabati Mukuru ana hesabu yake mwenyewe, mbaya kuliko ya mji. Lakini kwa hewa ya nje, ile tunayoshiriki sote, namba hiyo inaelekeza kidole kwenye injini. Hapa nadhani tumekuwa tukimlaumu maskini na jiko lake kuliko inavyostahili.

Sasa mvua. Kila mtu husema mvua huosha hewa, na kila mtu ameona mji ulivyo angavu asubuhi baada ya mvua kubwa. Kwa chembe nene msemo huo ni sahihi kabisa. Tone la mvua likianguka hukutana na chembe ya vumbi, na kwa kuwa chembe ni nzito haiwezi kukwepa, inagongwa na kushushwa. Chembe ndogo mno, zilizo chini ya mikromita 0.1, nazo hukamatwa kwa sababu huyumbayumba ovyo hewani hadi zikagusa tone. Tatizo ni zile za katikati, kati ya mikromita 0.1 na 1. Ni nyepesi mno kugongwa na nzito mno kuyumba. Tone linapokuja, hewa inayolizunguka huzisukuma pembeni, kama karatasi ya peremende iliyo barabarani inavyopeperushwa na upepo wa lori bila lori kuigusa. Sehemu kubwa ya uzito wa moshi uliokaa hewani iko katika ukubwa huohuo.

Kwa hiyo nafuu ya Aprili haitokani na kuoshwa peke yake. Ardhi imelowa na vumbi halinyanyuki. Moto wa taka hauwaki. Mawingu ya mvua kubwa ni hewa iliyopanda kilomita kadhaa, maana yake dari imetobolewa na moshi umebebwa juu. Na ndani ya mawingu yenyewe, matone ya maji huanza kwa kujishikiza kwenye chembe, hivyo chembe laini ambazo tone linaloanguka lisingezikamata huwa zimeshamezwa wingu linapoumbwa. Kisha kuna upande wa pili, ambao kila msafiri wa Nairobi anaujua: mvua ya jioni huzaa foleni. Kwa muda wa saa mbili umesimama Mombasa Road na injini mia mbele yako zinanguruma bila kwenda popote. Hewa ya mji mzima inaweza kuwa nzuri siku hiyo, na hewa iliyo ndani ya matatu yako ikawa mbaya kuliko ya Julai.

Ukianza kufuatilia namba za hewa kwenye simu, kama wengi tunavyofanya siku hizi, kuna mtego mmoja unaohusu misimu. Kihisi cha bei nafuu, yaani kile kifaa kidogo ambacho namba nyingi hizo hutoka kwake, hakipimi uzito wa chembe. Hupiga mwanga wa leza na kukadiria uzito kutokana na mwanga unavyotawanywa. Unyevu wa hewa ukizidi, chembe nyingi hunyonya maji na kuvimba, na kihisi huona chembe kubwa kuliko ilivyo kweli. Asubuhi ya Julai yenye ukungu ndiyo hali hiyo hasa. Mtu akikuonyesha namba ya kutisha ya saa moja asubuhi, muulize kama kihisi chake kimesahihishwa kwa unyevu. Kichujio ni tofauti: hukaa kikivuta hewa saa 24, kisha hupimwa kwenye mizani ndani ya chumba chenye unyevu uliodhibitiwa, na maji hayana nafasi kubwa ya kudanganya. Marekebisho hushusha namba za asubuhi zenye ukungu, hayaifuti dari.

Ndiyo maana kazi ya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, naiheshimu sana. Waliunda vihisi vyao Kampala, vingine wakavifunga juu ya bodaboda, kisha wakavilinganisha na mitambo mikubwa ya kuaminika ili kusahihisha namba. Mtambo mmojawapo uliotegemewa katika kanda yetu ulikuwa wa ubalozi wa Marekani jijini Kampala. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha utoaji wa takwimu za hewa kutoka balozi zake duniani. Ni pengo la kweli. Msimu hauonekani kwa vipimo vya mwezi mmoja, unahitaji miaka mfululizo mahali palepale, na mfululizo ukikatika huwezi kurudi nyuma kuupima.

Kalenda ya Nairobi usiihamishie kwingine bila kuitazama. Kampala ina vilele viwili, katika vipindi vyake viwili vya ukame, na barabara za udongo mwekundu zina mchango mkubwa huko. Dar es Salaam iko baharini, upepo wa bahari huingia karibu kila mchana na kusi ya Julai huvuma kwa nguvu, kwa hiyo ile dari ya kutwa tunayoilalamikia sisi haiwakalii wenzetu namna hii. Sehemu ya chembe zao ni chumvi ya bahari, ambayo kwa namba inahesabika kama uchafu ingawa si masizi. Kano na miji mingine ya kaskazini mwa Nigeria hungojea harmatani, upepo unaoleta vumbi la Sahara kati ya Desemba na Februari, na kwao mwezi wa kufunga dirisha ni huohuo ambao kwetu jua linafungua anga.

Hata hivyo kuna kitu kinachozidi msimu, nacho ni mahali unaposimama. Julai 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na wa Nairobi waliwatuma mafundi kutembea mjini na vipimo ndani ya mikoba ya mgongoni. Kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya mji walipata wastani wa mchana wa mikrogramu 98.1 za PM2.5, ilhali nje kabisa ya mji ulikuwa 10.7. Kando ya makutano makubwa ya barabara walipata 128.7. Walipohama mita 100 upande ambao upepo ulikuwa ukielekea, namba ilishuka hadi 18.7. Barabarani katikati ya mji ilikuwa 119.5, na juu ya paa la ghorofa ya tatu 42.8. Ni vipimo vya saa za mchana tu, havilinganishwi moja kwa moja na kiwango cha WHO cha saa 24, lakini tofauti kati yake inatosha. Mita 100 zilifanya kazi ambayo masika yote haiwezi kuifanya.

Nikizisoma namba hizo namfikiria mama mboga aliyepanga sukuma wiki kando ya steji, makanga anayening'inia mlangoni, askari wa trafiki, na mtoto wa chekechea ambayo dirisha lake linatazama barabara kuu. Kwao Julai huanza na uchafu wa barabarani kisha dari ya chini inaongezwa juu yake. Kanda yetu ilishafanya jambo moja la maana: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, wakati ya awali ilikuwa 500. Salfa ikipungua, chembe zinazozaliwa hewani kutokana na gesi yake hupungua, na vichujio vya bomba la moshi huweza kufanya kazi. Ila dizeli safi kwenye injini iliyochoka bado hutoa masizi, na umbali kati ya steji na shule hauamuliwi na mafuta.

Msimu pia unaweza kutupotosha tunapojipongeza. Mwishoni mwa Machi 2020 Kenya iliweka kafyu kwa sababu ya korona, magari yakapungua, na haukupita muda picha za Mlima Kenya ukionekana kutoka Nairobi, umbali wa karibu kilomita 140, zikasambaa simu kwa simu. Wengi walisema hivi ndivyo mji ulivyo bila moshi. Nilifurahi kama wengine. Lakini ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imelaza vumbi na dari ilikuwa juu, na mlima huo umekuwa ukionekana kutoka Nairobi asubuhi nyingi za baada ya mvua kabla ya korona kuja. Magari yalichangia kiasi gani na masika kiasi gani, huwezi kukijua kwa kuilinganisha Aprili ile na Februari iliyotangulia. Unahitaji Aprili ya 2019 na Aprili ya 2018, mahali palepale, kwa kipimo kilekile. Na atakayetaka kujua kama mabasi ya umeme au barabara mpya vimesafisha hewa ya Nairobi, aulize namba za Julai, aziweke kando ya Julai zilizopita, katika zile wiki ambazo jua halionekani na nguo hazikauki.